Siku Tatu za Kimya, Njia ya Itumba

Nilikuwa mtaroni, mguu wangu wa kushoto umekunjika mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo, na juu yangu nyimbo mbili zilikuwa zinaimba kwa wakati mmoja. Moja rumba, moja kwaya. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona pikipiki wala mtu, naona tu majani ya mkaratusi yananidondoshea maji usoni. Nikajiuliza, leo si siku ya kimya? Nani amefungulia muziki? Halafu kwaya ikanyamaza. Ikabaki rumba peke yake, na rumba ilikuwa yangu.

Hivyo ndivyo watu walivyotukuta. Ezekia amelala barabarani hatua chache kutoka kwangu, amekwisha kufa, na mimi redio yangu inaimba. Wewe ungesema nini? Na wao wakasema hivyo hivyo.

Naitwa Lazaro. Kijiweni kwetu Mpemba, pale njia panda ya kwenda Itumba, nilianza kwa kuitwa Rumba, na baadaye nikapewa jina jingine ambalo nyie vijana mnaniita mpaka leo bila kujua lilitoka wapi. Nitafika huko. Mwezi uliopita nimeiacha pikipiki. Bodaboda hapewi barua ya kustaafu wala saa ya ukutani, goti ndilo linalokuambia, basi. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimeandika kama ninavyoongea, vumilieni. Habari za nilipata kiasi gani sitaziandika. Mke wangu alikuwa anazijua, na hata yeye hakuamini.

Nilianza na baiskeli, ile miaka ya ruksa ilipoingia na vitu vikaanza kuonekana madukani. Tunduma wakati huo ilikuwa mji mdogo tu na vumbi lake. Nilikuwa nabeba mizigo ya watu kati ya mpaka na stendi, sukari, madumu ya mafuta, vitenge, na nyuma ya usukani nimefunga redio ya betri kwa kipande cha mpira wa tairi. Betri zikichoka unazianika juani juu ya bati, zinakupa nyimbo nne zaidi. Ng'ambo ya Nakonde walikuwa wanapiga kalindula, huku kwetu rumba, na ukiwa katikati ya mpaka redio yako inashika zote mbili, hujui umsikilize nani. Kuna mteja wangu mmoja Mzambia alikuwa akiniona tu ananiambia kwa heshima ya kwao, "Ba Lazaro, mukwai, leo umebeba mzigo au umebeba dansi?" Nilimwambia dansi ndiyo inayobeba mzigo. Kilima cha kupandia stendi bila wimbo, na gunia nyuma, jaribu wewe.

Pikipiki za Kichina zilipoanza kuingia kwa wingi, aliyenipa ya kwanza kuendesha ni Mzee Hamisi. Alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu mswalihina, alikuja Tunduma na lori moja bovu akaishia kuwa msafirishaji. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa ufunguo. Alinikalisha juu ya pikipiki imewashwa, imesimama, akanifunga macho na kilemba chake.

"Haya. Cheni imekaza au imelegea?"

"Sijui, mzee."

"Sikiliza."

"Nasikia injini tu."

"Injini ni mwenye nyumba. Nyuma ya mwenye nyumba kuna watoto. Wasikilize watoto."

Siku tatu nilikaa nimefungwa macho, watu wa stendi wakipita wananicheka, wanauliza kama natolewa jini. Lakini ya nne nilisikia. Cheni iliyolegea inacheka, tha tha tha. Breki iliyokwisha inapiga mbinja. Beringi ya gurudumu ikianza kufa inanung'unika kama mtu mwenye jino bovu. Sijawahi kulala njiani kwa ubovu ambao sikuusikia mapema, na hilo najivunia kuliko kitu chochote nilichokifanya kwenye kazi hii.

Mzee Hamisi hakutaka muziki. "Pikipiki ina mdomo," alikuwa anasema. "Ukiiwekea redio umeiziba mdomo, halafu ikikufia njiani useme haikukuambia." Wakati bodaboda wa Tunduma walipoanza kufunga spika, yeye alikuwa ameisharudi Tabora kwa watu wake. Angekuwepo sijui kama tungemsikiliza. Nadhani tusingemsikiliza.

Sasa aliyetufungia redio ni Jofrey. Namtaja kwa jina kwa sababu yupo na ananijua. Alikuwa fundi redio, kibanda chake kilikuwa kinatazamana na kijiwe chetu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kweli, siwezi kumnyima hilo. Anakuwekea spika mbili mbele, pale miguu ya mbele inapokutana na usukani, anazivalisha mfuko wa nailoni kuzuia mvua, redio yenyewe ya kuchomeka flashi anaificha chini ya kiti. Abiria walipenda. Wachimbaji waliotoka Saza na dhahabu yao walikuwa hawapandi pikipiki isiyoimba, wanataka bongo fleva mpaka kioo cha pembeni kitetemeke. Wakulima wa Hasamba wao walitaka taarifa ya habari. Nilimbeba mama mmoja mwenye uchungu kutoka milimani kumwahisha hospitali Itumba, akaniambia, "Baba, ongeza sauti, nisije nikasikika nikilia." Niliongeza mpaka mwisho. Tulifika rumba inalia kuliko yeye, na manesi wakatoka nje kwa hasira wakidhani ni mlevi.

Shida ilikuwa moja. Ukipiga honi, redio inakata. Umeme wa zile pikipiki ulikuwa haba, honi ikila, redio inakufa, halafu inaanza upya na wimbo wa kwanza kwenye flashi. Kwa hiyo siku nzima unasikia wimbo wa kwanza. Tulikwenda kwa Jofrey kulalamika, mimi na Ezekia na wengine.

Ezekia nimweleze. Alikuwa Mndali wa milima ya juu ya Itumba, mzee wa kanisa, anaendesha taratibu, na alikuwa na kitambaa cha kufutia kiti kabla abiria hajakaa, hata kama abiria mwenyewe ametoka shambani na matope mpaka magotini. Alikuwa anapiga kwaya tu. Tulipishana njia ile ya Itumba labda mara mbili kila siku kwa miaka, yeye anashuka mimi napanda. Alikuwa ananiambia, "Rumba, ndugu yangu, wewe mbinguni utaingia unakata kiuno." Mimi namjibu, "Na wewe utaingia umesinzia."

Jofrey akaitazama pikipiki yangu, akang'oa waya wa honi, akasema, "Kaka, hii honi ya nini? Muziki wenyewe si honi?"

Tulicheka. Ezekia hakucheka. "Fundi, na mimi nikitaka kupiga honi?"

"Mzee wa kanisa, wewe una kwaya. Shetani mwenyewe akiisikia anapisha njia."

Basi akachukua waya wa honi akaupeleka kwenye redio, na pale kidole gumba cha kushoto kinapokaa, pale pa honi, akaweka swichi ya kubonyeza. Ukibonyeza redio inawaka, ukibonyeza tena inazima. Tulimsifu. Kijiwe kizima kilipanga foleni, na wa Itumba wakashuka kuja kufungiwa. Ilipofika mwisho wa mwezi njia ile yote haikuwa na honi hata moja, na hakuna aliyeona kama kuna kitu kimepungua.

Na kweli hakikupungua, hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Muziki ulifanya kazi ya honi vizuri kuliko honi. Njia ya Itumba wakati ule haikuwa na lami, ni kona juu ya kona, ukungu asubuhi, na pembeni maji ya mvua yamechimba makorongo, kwa hiyo kila mtu anataka kupita katikati. Sisi tulijuana kwa nyimbo. Ukikaribia kona unapunguza mwendo, unasikiliza. Ukisikia kwaya inashuka, huyo Ezekia, unabana kushoto kwako, yeye anabana kushoto kwake, mnapishana mnapungiana mikono. Ukisikia taarabu, huyo ni Bakari, huyo bana sana, maana alikuwa anakimbia. Hata akina mama wa kando ya njia walikuwa wakisikia rumba wanatoa gunia nje, wanajua Lazaro anakuja. Na usiposikia kitu, maana yake ni moja, hakuna mtu, njia ni yako, pita katikati. Hatukukaa kikao kukubaliana hivyo. Ilikuja yenyewe, kama watu wanavyozoea mlio wa jogoo wa jirani.

Nyie vijana mnaovaa vidude vya masikioni mnasikiliza peke yenu mngetuona washamba. Lakini muziki wetu ulikuwa wa kila mtu, na ulikuwa unatuweka hai. Naandika hivyo huku najua ulivyokuja kumalizika.

Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa Obadia. Naye namtaja. Obadia alikuwa na koti jekundu la ngozi bandia, anavaa hata jua la saa saba, ili ajulikane kwa mbali. Alikuwa anautaka uenyekiti wa mtaa na sisi tulijua, maana alianza kusalimia watu aliokuwa hawasalimii.

Akafariki mzee mmoja pale Mpemba, mzee wa ukoo mkubwa. Siku ya msiba mwenzetu mmoja akapita mbele ya matanga anapiga bongo fleva, spika mpaka mwisho, sijui hakuona turubai, sijui alikuwa anafikiria nini. Waombolezaji walimshusha wakamtia viboko vya mti wa kahawa na kumwagia maji ya kuoshea vyombo. Ukoo wakaja juu, wanasema bodaboda wamemtukana marehemu. Obadia akakimbia kuomba radhi, na huko huko akawaahidi kitu bila kutuuliza. Jioni akatuita kijiweni.

"Kuanzia kesho asubuhi, siku tatu," akasema, "sitaki kusikia spika hata inakohoa."

"Hata kwa sauti ya chini, mwenyekiti?"

"Hata ya chini. Na si hapa tu, ni njia nzima mpaka Itumba. Wa kule wameshaambiwa. Nimewaahidi wafiwa kwamba njia yote itakaa msiba. Atakayepiga, atatoa mbuzi."

"Dume au jike?"

Watu wakacheka. Obadia hakucheka. "Mbuzi ataliwa na wafiwa, na wewe utasimama pale unaangalia."

Ezekia alikuwepo, alikuwa ameleta abiria. Akasimama akavua kofia. "Mwenyekiti amesema vizuri. Msiba ni msiba. Hata kwaya inaweza kungoja."

Jofrey naye alikuwepo, amekaa juu ya debe lililopinduliwa anatafuna karanga. Akauliza kitu kimoja tu, kama siku hizo tatu tungependa atusafishie spika. Fundi aliyeng'oa honi zote kwa mkono wake, ameketi kwenye kikao cha kuzima muziki, anafikiria kusafisha spika! Obadia akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Ilinyooka yote. Wangu pia. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, tukizima, kwenye kona tutajuanaje? Nimejiuliza miaka yote hii ilikuwaje tukawa watu wengi vile na wazo lile lisimwangukie hata mmoja. Tulikuwa tunafikiria wafiwa. Labda tulikuwa tunafikiria mbuzi.

Siku ya kwanza ilipita. Watu waliendesha polepole kwa ugeni wa kimya, ndiyo maana ilipita. Siku ya pili asubuhi nilimpakia Mama Chisomo, mfanyabiashara wa upande wa Malawi, alikuwa anakuja Tunduma kununua vitenge na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka Isongole mpakani. Tulikuwa tunaongea njiani, na hilo nalikumbuka kwa sababu kwa kawaida hatukuwa tunaongea, muziki ulikuwa mkubwa. Alikuwa ananieleza mwanawe wa kwanza amekataa shule. Na mimi nilikuwa namsikia yeye, na nilikuwa naisikia pikipiki yangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sana. Cheni ilikuwa inacheka kidogo. Nikasema nikifika nitaikaza. Nilikuwa na furaha asubuhi ile, sielewi kwa nini, labda ni kule kusikia.

Tukafika kona ya mikaratusi. Ukungu. Nikapunguza mwendo kama kawaida, nikasikiliza kama kawaida. Kimya. Nikapita katikati.

Niliona taa. Kidole gumba changu cha kushoto kikabonyeza pale pa honi. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kidole hakijui habari za Jofrey, kidole kinajua pa honi ni pale. Halafu nikawa mtaroni, na nyimbo mbili.

Sasa nitasema na lile nisilolijua. Sijui kama nilibonyeza kweli au akili imenitengenezea baadaye ili nipate kulala usingizi. Kichwa kiligonga jiwe, kofia ngumu ikapasuka. Kuna siku nyingine nadhani redio iliwaka yenyewe tulivyoanguka. Kuna siku nyingine, na hizo ndizo mbaya, nadhani labda niliiwasha mwenyewe huko nyuma kwa mazoea, kama mtu anavyowasha sigara, nikasahau. Nikifika hapo naanza tena, Mama Chisomo, mwanawe, shule, cheni, taa, kidole. Inatoka vile vile. Lakini hata kanda ya kaseti ikichezwa sana inaanza kuvuta, inabadilika sauti, na mimi hii yangu nimeicheza sana.

Wa kwanza kufika alikuwa Obadia, alikuwa anakuja nyuma yangu, bila abiria. Nililiona koti jekundu likipita kwenye ukungu. Wengine walifika baadaye, wakakuta rumba inaimba na Ezekia kimya.

Obadia alikuja kuniona hospitali. Mguu ulikuwa umening'inizwa.

"Rumba, kwa nini ulifungulia?"

"Sikufungulia."

"Kaka, watu wote wameikuta inaimba. Watu wote."

"Na kwaya je?"

"Kwaya gani?"

"Ya Ezekia. Zilikuwa mbili. Yake ikazimika."

Halafu akanivutia blanketi mpaka kidevuni kama mtoto. "Umeumia kichwa. Lala."

Nilipotoka, nilikuwa nimeshahukumiwa. Lazaro alipiga muziki siku ya msiba, kwa hiyo hakumsikia mwenzake, kwa hiyo akamuua. Mtu akisema hivyo inaeleweka, ina mwanzo na mwisho. Nikisema mimi habari ya waya na swichi na kimya, watu wanatazama pembeni. Mke wangu ndiye aliyemburuta yule mbuzi mpaka kwa wafiwa wa Mpemba, mimi nikifuata kwa magongo, na nilisimama pale nikiangalia kama ilivyoagizwa. Tangu siku hiyo sikuitwa tena Rumba. Niliitwa Mbuzi. Nyie mnaocheka mkiniita hivyo mnadhani ni kwa sababu ya kidevu changu.

Kwenye kumaliza matanga ya Ezekia nilipanda Itumba. Mama Upendo, mke wake, hakunifukuza. Watu wa milimani hawamfukuzi mtu mwenye magongo. Alinipa kiti, akanipa chai kwa mikono miwili, akakaa mbele yangu, akaniita kwa jina la binti yangu.

"Baba Stela, kunywa. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu."

"Uliza, mama."

"Ule wimbo ulikuwa mzuri kiasi gani?"

Niliinywa ile chai mpaka mwisho kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mdomo wangu. Nilitaka kumwambia kwamba redio ya Ezekia nayo ilikuwa inaimba, kwamba labda na yeye alibonyeza, kwamba labda tulikuwa tunaonyana sekunde ile ile, kila mmoja kwa wimbo wake. Lakini nilikuwa peke yangu niliyesikia, na nilishaambiwa nimeumia kichwa. Ningemwambiaje mjane kwamba mume wake, mzee wa kanisa, naye alivunja kimya? Angeona namkokota marehemu kwenye matope yangu.

Nilirudi barabarani mguu ulipounga. Nilirudishia honi, mimi mwenyewe, kwa bisibisi, sikumpa fundi yeyote. Redio niliitoa. Abiria walilalamika, wachimbaji wa Saza walinipita, mmoja aliniuliza kama pikipiki yangu imeokoka. Nimeendesha hivyo mpaka mkoa umekuwa Songwe na sisi tumeacha kuitwa watu wa Mbeya. Kila kona ya njia ile nimepiga honi, hata mchana mweupe, hata nikiona mpaka chini bondeni. Mnakumbuka mlivyokuwa mnanicheka.

Ningeliacha lilale hivyo. Lakini majuzi nilikutana na Mama Chisomo sokoni Isongole. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Yeye alichubuka mkono na paji la uso tu, walimvusha kwao siku hiyo hiyo, hakuna aliyemuuliza kitu. Alinikumbatia mbele za watu.

"Baba, unatembea!"

"Natembea kidogo kidogo, mama."

"Na yule mwenye kwaya alipona?"

Nilishika meza ya mwenye nyanya. "Mama, umesema kwaya?"

"Si zilikuwa zinaimba zote mbili? Mpaka yule mwanaume wa koti jekundu akaja akabonyeza ile ya mwenzako, akaizima. Nilimwambia na hii nyingine zima, watu wanakufa hapa. Akaiacha inaimba."

"Una hakika?"

Hapo akasita. Mama mkweli yule. "Nilikuwa na damu machoni, baba. Koti nililiona. Mkono niliuona. Hakika ni neno kubwa."

"Na kabla, njiani, redio yangu ilikuwa inaimba?"

"Ingeimba ningekuelezaje habari za mwanangu?"

Nilikwenda kwa Jofrey. Sasa ana duka la simu na kiyoyozi. Nilimuuliza kitu kidogo tu, zile swichi alizoweka pa honi zilikuwa za namna gani, na kama mtu akishtuka akabonyeza nini kinatokea. Alisema, "Kaka, mambo ya zamani hayo, nimefunga nyingi, nitakumbuka vipi?" Nikamwambia ulifunga za kijiwe kizima, na mmoja wao amezikwa. Akaniuliza kama nahitaji kava ya simu.

Nilikwenda kwa Obadia. Uenyekiti wa mtaa aliupata. Hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Lazaro, tumwache marehemu alale." Ndiyo mara ya kwanza aliniita Lazaro tangu ajali, nikajua anaogopa. Kinachonichanganya ni hiki: siwezi kumchukia moja kwa moja. Labda alimhurumia Ezekia, hakutaka mzee wa kanisa akutwe na muziki siku ya msiba. Labda ni wema. Au labda aliona pikipiki mbili zinaimba akajua papo hapo watu watauliza zimewakaje zote, wataangalia swichi, watakuta honi hazipo, watarudi kwenye kikao chake. Sijui lipi. Yeye anajua.

Kwa hiyo vijana wa Mpemba, haya siyaandiki ili mnionee huruma, na jina la Mbuzi mnaweza kuendelea nalo, nimelizoea. Msomeeni Jofrey barua hii mkienda kununua vocha. Msomeeni Obadia siku ya mkutano wa mtaa, kwa sauti, wakati amekaa mezani. Jofrey, sema mbele ya watu uliweka nini pale pa honi. Obadia, panda Itumba ukakae kwenye kile kiti cha Mama Upendo, na umwambie kama mume wake alikufa anasinzia katikati ya barabara, au alikufa anajaribu kunionya. Mimi nitakuja pia, na nitaanza mimi kusema kwamba mkono wangu ulinyooka siku ile pamoja na yenu. Chai atatupa. Halafu atauliza, na safari hii atakuuliza wewe: nani aliizima kwaya, na kwa nini?